Muulize Mjomba: Vibarua wananikimbia kila mwezi ukiwaka

Safari hii nimechagua maswali ya watu na kazi tu, maana barua za namna hii zimekuwa nyingi kweli, kutoka Igombe mpaka Igoma, hapa hapa Mwanza. Majina nimeyaficha kama mlivyoomba, na zile ndefu nimezipunguza mnisamehe.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nafanya biashara ya dagaa hapa Igombe, asubuhi nanunua mwaloni, watu wangu wanaanika, wanachambua, wanafunga kwenye magunia, mimi napeleka sokoni Kirumba. Nina vibarua 9, wengi ni kina mama na mabinti. Chai na maandazi nawapa, mtu akifiwa nachangia, sio mtu wa kugomba mimi. Lakini kila nikishamzoea mtu anapotea, hasa zile siku za mbalamwezi, kesho yake simu haipokelewi afu nasikia yuko kwa mwenzangu hapo hapo jirani kwa pesa ile ile! Juzi juzi mvua ilinyeshea mzigo nikiwa Kirumba, dagaa wakaharibika nikaishia kuwauza kwa watu wa chakula cha kuku, nikawakata wote kidogo kidogo ili hasara tugawane, wakaondoka wanne. Hivi watu wa siku hizi wana shukrani kweli? (Mama Dagaa, Igombe)

MJOMBA: Marahaba mama, na pole na hasara. Hilo la shukrani naomba tuliweke pembeni kwanza, ukianza nalo utamaliza siku unatafuta nani mbaya na kazi haitasogea. Mtu akihama kwako kwenda kwa jirani kwa pesa ile ile ujue kuna kitu kule anakipata, na mimi nikisoma barua yako naona kitu chenyewe ni kujua kesho yake itakuwaje.

Tuanze na mwezi. Wewe unajua kuliko mimi kwamba dagaa wanavuliwa usiku wa giza, taa ndo inawaita, zamani ilikuwa karabai saivi wengi wana taa za sola, na mwezi ukishakuwa mkubwa ziwa zima linakuwa na mwanga, taa haimvuti dagaa yeyote, mitumbwi inavutwa nchi kavu na wavuvi wanashona nyavu. Kwa hiyo kwako kazi inakatika siku kadhaa kila mwezi. Sasa hizo siku kibarua wako anakula nini? Umewahi kumwambia mapema kwamba kuanzia siku fulani hakuna mzigo, tunarudi siku fulani, na nafasi yako ipo? Au anafika asubuhi anakuta hakuna kitu, unamwambia "leo hamna, nendeni tutapigiana"? Ukimwambia tutapigiana, mwenye watoto anatafuta pengine siku hiyo hiyo, na akipata kule kwa nini arudi?

Na uzuri ni kwamba mwezi hauji kwa kushtukiza. Kaa nao kabla haujajaa, waambie tarehe ya kusimama na tarehe ya kurudi. Wawili watatu wabakize kwa kazi ambazo huwa mnaziruka mkiwa bize, kukarabati chanja za kuanikia, kushona magunia, kuchambua ule mzigo uliolala stoo, na wabakie kwa zamu, mwezi huu hawa mwezi ujao wale, isije ikawa ni wale wale wanaokuchekea. Waliobaki kama unaweza wape kaadvansi kadogo ka kukatwa wakirudi, andikeni kwenye daftari na kila mtu asaini au aweke dole gumba. Hapo hujaongeza mshahara hata shilingi, umeongeza uhakika tu.

Sasa tuje kwenye mvua, hapa ndo penyewe.

Umesema ulikuwa Kirumba. Swali langu mama, kati ya hao watu 9 uliowaacha na mzigo juani, nani alikuwa na ruhusa ya kusema "anueni!" bila kukupigia simu kwanza? Naona kabisa ilivyokuwa, wingu limejaa upande wa ziwa, wanatazamana, mmoja anasema tuanue, mwingine anasema tukianua na mvua isinyeshe mama atakuja kusema tumemwozeshea dagaa kwa kuwarundika wabichi, wanakupigia haupatikani kwa sababu uko katikati ya soko na kelele zote zile, mvua inashuka. Watu 9 wenye mikono 18 wanaangalia mzigo unalowa kwa sababu hakuna aliyepewa uamuzi. Huo sio uzembe wao mama yangu, uamuzi uliondoka nao kwenye mkoba wako ukaenda nao sokoni.

Kwa hiyo chagua mtu, yule anayeijua hewa ya hapo, mwambie mbele ya wenzie: mimi nikiwa sipo wewe ndo unasema anueni, na ukisema wote wanaanua bila mjadala, na mvua isiponyesha sitakulaumu hata kidogo. Hilo la mwisho ndo la muhimu kuliko yote na ndo mabosi wengi wanashindwa, wanatoa madaraka kwa mdomo afu mtu akikosea mara moja tu wanayanyang'anya mbele za watu, basi kuanzia hapo hakuna atakayeamua kitu tena, kila kitu "subiri mama aje".

Kuna profesa mmoja wa Harvard kule Marekani, Amy Edmondson, miaka ya 1990 alichunguza timu za hospitali na makosa ya kutoa dawa, alitegemea timu zinazoelewana zitakuwa na makosa machache. Akakuta kinyume, zile timu nzuri ndo zilionekana na makosa mengi! Kumbe kule walikuwa wanayasema, kule kwingine wanayaficha kwa kuogopa. Nakuuliza, kwako ni lini mara ya mwisho kibarua alikuja mwenyewe kukwambia mama nimeharibu hapa? Kama haijawahi kutokea, usidhani hawaharibu.

Na yale makato, mama, hapo ulivuka mstari, nakwambia kama mwanao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumkata mtu kwa hasara kirahisi hivyo. Lazima hasara iwe imetokana na kosa lake yeye, awe amepewa nafasi ya kujieleza, awe amekubali kwa maandishi, usizidishe hasara halisi, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake. Mvua ni kosa la nani sasa? Na usijifariji kwamba hao ni vibarua tu. Mtu aliyekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, sheria inamhesabu ni mfanyakazi mpaka wewe uthibitishe vingine. Sheria kando, hebu fikiria yule binti aliyesema tuanue wenzie wakakataa, na yeye umemkata sawa sawa na wao. Angebaki kwa sababu gani?

Ningekuwa wewe ningewarudishia, hata kwa awamu. Wale wanne wakisikia kwamba umerudisha, na watasikia kwa sababu Igombe hakuna siri, sitashangaa ukiona wawili wamerudi wenyewe.

SWALI: Mambo vipi Mjomba, mimi ni kijana wa miaka 26, niko karakana ya kuchomelea mageti na madirisha hapa Igoma. Bosi kanifanya msimamizi kwa sababu mahesabu na kompyuta nayaweza. Shida mafundi wawili ni wazee wa umri wa baba yangu, na mmoja ndo alinifundisha kushika mashine. Nikisema kitu wananijibu "sawa dogo" afu wanafanya wanavyojua. Nilimwambia bosi, akaja akawafokea, saivi hata salamu hawaitikii vizuri. Niache hiki cheo? (Dogo Msimamizi)

MJOMBA: Poa tu mwanangu, cheo usiache, ila pale bosi alipokuja kuwafokea kwa ajili yako palikuharibia sana. Mzee wa watu kafokewa mbele ya vijana anaowafundisha, na wote wanajua nani kapeleka maneno.

Anza na yule aliyekufundisha. Nenda nyumbani kwake jioni au mkute pembeni, kazini pasiwe na mtu wa tatu, shikamoo yako itoke vile vile kama zamani ulipokuwa unamshikia vyuma. Mwambie ukweli, kwamba kazi hii umepewa hukuiomba, kwamba mkono wake huufikii na wewe unajua, na umwombe akuambie kitu gani hapo karakana kinakwenda hovyo. Halafu nyamaza usikilize, hata kama ataanza na historia ya mwaka wa kwanza alipokuja Mwanza, muache amalize, wazee wengi jambo lenyewe huwa liko mwisho.

Afu rudi kwa bosi na umwambie kitu ambacho alitakiwa akifanye siku ile ile alipokupandisha: aseme mbele ya wote nani anaamua nini. Mimi ningegawa hivi. Wewe ushike wateja, tarehe za kukabidhi, bei na ununuzi wa vyuma na vijiti vya kuchomelea, maana hapo ndo umewekwa. Ubora ashike mzee, geti halitoki hapo mpaka yeye alikague na aseme limekaa sawa, hata kama mteja kasimama na gari nje. Ukiangalia utaona hamgongani kabisa, maana saivi ugomvi wenu wote unatokana na wewe kumwelekeza fundi wa miaka 30 namna ya kuunga kona, hivi kweli dogo?

Kumsahihisha mtu mzima mbele ya mteja au mbele ya vijana, hiyo kamwe. Ukiona kakosea vipimo sogea karibu sema kwa sauti ya chini, "mzee wangu hebu tupime tena hapa", atakuelewa.

Ila kuna jambo moja heshima ya umri hailigusi, nalo ni usalama. Mzee akichomelea bila kioo cha macho kwa sababu "nimezoea", na vijana wanaiga, hapo unasimama na unasema hapana, kwa adabu lakini hapana. Macho yakishaungua hayajui nani mkubwa nani mdogo. Na wewe mwenyewe uvae, sio unapita pita na karatasi za mahesabu macho wazi.

SWALI: Mjomba habari za kazi. Nina mgahawa karibu na stendi ya Nyegezi, wafanyakazi sita. Kaunta nimemweka shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, binti mzuri tu lakini anakuja saa anayotaka na hesabu za jioni hazikai sawa. Wapishi wameanza kununa, mmoja kaniambia wazi "bosi hapa kuna sheria za kwetu na sheria za kwenu". Nikimgusa shemeji nyumbani hapalaliki. (Baba Mwenye Mgahawa)

MJOMBA: Salama ndugu yangu. Huyo mpishi aliyekuambia hivyo mtunze, ni wachache wanaosema, wengine wanapunguza tu nyama kwenye sahani za wateja wako wanapeleka nyumbani, kimya kimya.

Barua yako nimeirudia kutafuta kitu kimoja sikukiona: unamlipa shemeji shilingi ngapi? Wapishi umeandika mishahara yao mpaka ya mwosha vyombo, yeye hukumtaja, huko mbele ndo nikakuta umeandika kwamba "namsaidia saidia". Haya, basi tumelipata. Mtu anayesaidiwa hana saa ya kuingia wala mshahara wa kulinda, na akihitaji hela ya kusuka au nauli ya kwenda Sengerema kumuona mama yake atachukua pale ilipo, kwenye droo, na moyoni mwake wala haoni kama kaiba, ni hela ya shemeji. Na wewe huna pa kumshikia kwa sababu hamkuwahi kukubaliana kitu.

Kwa hiyo usianze na kumgombeza. Anza na mkeo, usiku mkiwa wawili, na uanze na habari njema: nataka mdogo wako nimpe ajira ya kweli, mshahara huu, saa za kuingia hizi, siku ya kupumzika hii, mkataba wa maandishi kama wenzie. Hapo unaongea na dada mtu kuhusu kumnyanyua mdogo wake, utaona mazungumzo yanavyokuwa tofauti. Kisha shemeji mwenyewe achague, akitaka kazi aje kwa masharti ya kazi, akitaka kusaidiwa asaidiwe nyumbani ila kaunta aiachie. Yote mawili ni heshima.

Halafu kaunta ihesabiwe na watu wawili kila jioni, yeye na mmoja wa jikoni kwa zamu, kiasi kiandikwe na wote wawili wasaini. Na uifanye kwa yeyote atakayekaa hapo, hata wewe siku ukikaa uhesabiwe, hasa wewe, maana nawajua wenye migahawa, anapita anachukua elfu kumi ya mafuta ya bodaboda bila kusema afu jioni anauliza hesabu iko wapi. Kuchelewa nako kuwe na kipimo kimoja. Kama anatokea ng'ambo ya ziwa kule Sengerema, kisingizio cha foleni ya kivuko kimeshakufa tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025.

Siku akichelewa ukamchukulia hatua ile ile ambayo mpishi angechukuliwa, usiitangaze. Jikoni wana macho.

SWALI: Mjomba shikamoo. Nauza duka la vipodozi mjini kati. Bosi wetu ana grupu la WhatsApp la kazi, kila usiku saa 5, saa 6 anatuma voisi anatusema kwa majina, fulani mzembe, fulani kazi yake kuchati, na asubuhi anataka tumjibu. Juzi kanitaja mimi nimelia. Nitoke kwenye grupu au nimjibu hapo hapo wote wasikie? (Nimechoka, Mwanza)

MJOMBA: Marahaba binti yangu, pole. Usitoke na usijibu kwenye grupu. Ukijibu pale mbele ya wote hata kama una haki atalazimika kushinda, kwa sababu kuna watazamaji.

Mfuate mchana, ile saa ambayo duka limepoa, uende na jambo moja tu lenye tarehe. "Bosi, ile voisi ya Jumanne uliyosema mzigo wa mafuta umepangwa vibaya, nilitaka nielewe ulitaka upangweje, na naomba ukiwa na la kwangu unaniambia mwenyewe, nitarekebisha haraka." Usimwambie "wewe huwa unatudhalilisha", hata kama ni kweli, mtu akisikia "huwa" anaacha kusikiliza anaanza kujitetea. Wengine wanatuma hizo voisi usiku kwa sababu ndo saa wanayofunga mahesabu wanaona hela haitoshi, wanapata hofu, na hofu ya bosi inatoka kama matusi. Sisemi umhurumie, nasema ujue unaongea na nini.

Kama kuna mwenzenu mkubwa anayeheshimika naye, apendekeze grupu libaki la matangazo tu na mambo ya mtu asemwe ana kwa ana.

Na ujue haki zako kimya kimya. Saa za kawaida za kazi kisheria ni 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku, zaidi ya hapo ni ovataimu na inalipwa mara moja na nusu. Kusikiliza voisi kitandani sijui kama utalipwa, lakini kama anawaita usiku kuja kupanga stoo hiyo ni kazi, andika tarehe na saa. Zile voisi usifute. Na usiache kazi kwa hasira, ukiacha mwenyewe kwa barua ya mstari mmoja unajifungia mlango, wakati ukiachishwa bila sababu ya haki una siku 30 tu za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hapa Mwanza wapo. Siku 30 zinaisha haraka kwa mtu anayelia nyumbani.

SWALI: Mjomba, bosi wetu anataka kutupeleka Saanane kujenga umoja wa timu. Mshahara wa mwezi uliopita bado nusu. Twende? (Wa Pasiansi)

MJOMBA: Nendeni, kisiwa ni kizuri, ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na wakazi kibao wa Mwanza hawajawahi kuvuka hayo maji hapo Capri Point, aibu kweli. Ila kabla ya kuchangishana pilau mmoja wenu amuulize bosi kwa upole ile nusu inalipwa tarehe ngapi, na akitaja tarehe iandikwe. Bosi kama unasoma hapa, ukiwapandisha watu boti huku unawadai uvumilivu, kila mmoja atakuwa anapiga hesabu ya boti, ya chakula na ya tisheti zenye jina la kampuni, na swala hawatawaona kabisa. Lipa kwanza hata kama safari itasogea mwezi mmoja mbele. Na kama ni lazima kila mtu aende basi hiyo ni siku ya kazi, ihesabu, usije Jumatatu ukamwambia mtu afidie.